Ridhaa ya Mmoja, Sauti za Wengi: Wasaidizi wa Sauti na Faragha ya Kaya katika Kata ya Nkwenda, Wilaya ya Kyerwa

Ikisiri

Makala hii inafafanua hatari zinazoikabili faragha ya kaya pale wasaidizi wa sauti wanapoingia katika maskani ya watu kupitia simujanja. Muktadha unaorejelewa ni kata ya Nkwenda, Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera. Mbinu iliyotumika ni uchambuzi wa nyaraka, zikiwamo sheria, matokeo ya tafiti za awali na mashauri yaliyowahi kufikishwa katika mamlaka za nchi mbalimbali. Uchambuzi umeongozwa na Nadharia ya Uadilifu wa Muktadha ya Helen Nissenbaum. Hoja kuu ni kwamba ridhaa inayotolewa kwa kubonyeza kitufe ni ya mtu mmoja, ilhali sauti zinazonaswa ni za watu wote waliomo nyumbani. Makala inaonesha kuwa msikilizaji wa kwanza wa kuhofiwa ni yule anayeishika akaunti. Kwamba kutoeleweka kwa Kinyambo na mashine ni kinga ya muda tu. Na kwamba sheria iliyopo inatoa msingi mzuri ambao haujafafanuliwa vya kutosha kwa mazingira ya kaya zinazotumia simu kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Msaidizi wa sauti ni programu inayopokea amri au swali kwa njia ya usemi, ikaubadili usemi huo kuwa maandishi, ikatafuta jibu, kisha ikalirudisha kwa sauti au kwa maandishi. Mifano inayofahamika zaidi ni Siri ya kampuni ya Apple, iliyoanza kupatikana katika simu za iPhone mwaka 2011, Alexa ya Amazon iliyozinduliwa mwaka 2014, na Google Assistant iliyofuata mwaka 2016. Katika Marekani na Ulaya, wasaidizi hawa waliingia majumbani hasa kupitia spika janja zinazowekwa sebuleni au jikoni. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mjadala wa kitaaluma kuhusu faragha imejengwa juu ya taswira ya nyumba yenye spika mezani, intaneti isiyopimwa kwa bando, na mmiliki mmoja anayejulikana.

Taswira hiyo haifanani na Nkwenda. Kata hii ipo katika Wilaya ya Kyerwa, iliyoanzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Wilaya ya Karagwe, na inayopakana na Uganda na Rwanda. Uchumi wake unategemea kilimo cha ndizi, kahawa na maharage, na maskani ya kawaida huzungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba iliyochanganywa na mibuni. Msaidizi wa sauti hafiki hapa akiwa kifaa cha kujitegemea chenye mahali pake ndani ya nyumba. Hufika akiwa ndani ya simu, na mara nyingi simu hiyo haikununuliwa kwa ajili yake.

Njia hiyo ya kufika ina historia fupi. Agosti 2017 Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa kutamka. Juni 2018 kampuni hiyo iliwekeza dola za Marekani milioni 22 katika KaiOS, mfumo wa simu za bei nafuu za vitufe, kwa makubaliano yaliyohusisha kuuwekea mfumo huo Google Assistant. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania iliingiza sokoni Smart Kitochi, simu ya vitufe inayotumia mfumo huohuo. Julai 2023 programu ya Bard, ambayo leo inaitwa Gemini, ilianza kupokea Kiswahili. Hivyo basi, katika kipindi kisichozidi miaka sita, kuzungumza na mashine kulitoka katika simu za gharama kubwa kukaelekea katika simu za watu wa kawaida, na kulitoka katika Kiingereza kukaelekea katika Kiswahili.

Manufaa ya mabadiliko hayo ni ya kweli. Mzee ambaye macho yake hayamudu maandishi madogo, mtu asiyeona, au mkulima ambaye hakupata nafasi ya kusoma shuleni, wote wanaweza kuuliza na kujibiwa. Kwa msingi huo, makala hii haijadili iwapo teknolojia hii ikubaliwe au ikataliwe. Inajadili ni nani anayeilipia gharama ya faragha pale inapokubaliwa na mtu mmoja katika nyumba ya watu wengi.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Nadharia ya Uadilifu wa Muktadha, iliyowekwa bayana na Helen Nissenbaum mwaka 2004 na kupanuliwa katika kitabu chake cha mwaka 2010, inakataa dhana kwamba faragha ni kuficha mambo. Kwa mujibu wa nadharia hii, kila taarifa husafiri kwa kufuata kanuni za muktadha ilimotolewa. Faragha huvunjwa pale taarifa inapohamishwa kutoka muktadha mmoja hadi mwingine bila kuheshimu kanuni hizo, hata kama taarifa yenyewe haikuwa siri. Ili kuupima mtiririko wa taarifa, nadharia inapendekeza vipengele vitano: mhusika wa taarifa, mtoaji wake, mpokeaji wake, aina ya taarifa, na kanuni inayotawala usambazaji wake.

Mfano rahisi unaweza kubainisha jambo hili. Mgonjwa humweleza mganga maradhi yake, na mganga huweza kumshirikisha mganga mwenzake kwa lengo la tiba. Taarifa ileile ikimfikia mwajiri, kanuni imevunjwa, ingawa maneno hayakubadilika hata moja. Waswahili wana methali isemayo kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii inakubali kwamba siri ina mshirika wake halali: kata hufika ndani ya mtungi kwa sababu kazi yake ni kuchota. Swali ambalo nadharia ya Nissenbaum inalisaidia kuulizwa ni hili: msaidizi wa sauti anapoingia ndani ya nyumba, je, ni kata, au ni mpitaji aliyeinamia mtungi usiokuwa wake?

Nadharia hii imeteuliwa kwa sababu inafaa katika jamii ambazo faragha ni ya kikundi zaidi kuliko ya mtu binafsi. Katika kaya ya Kinyambo, kama ilivyo katika jamii nyingi za ukanda wa maziwa makuu, yapo mambo ya wazazi, yapo ya ukoo, na yapo yanayosemwa mbele ya mgeni. Mipaka hiyo hujulikana na wanakaya bila kuandikwa mahali popote. Mashine haina njia ya kuitambua.

3.0 Namna Msaidizi wa Sauti Anavyosikia

Ili kuelewa hatari, ni muhimu kufafanua hatua ambazo sauti hupitia. Hatua ya kwanza ni kusubiri. Pale kipengele cha kuamsha kwa sauti kinapokuwa kimewashwa, maikrofoni husikiliza mfululizo, na programu ndogo iliyomo ndani ya kifaa hulinganisha kila sauti na neno la kuamsha, mathalani “Hey Google” au “Alexa”. Katika hatua hii sauti hutunzwa kwa sekunde chache tu kisha hufutwa. Hatua ya pili huanza pale programu inapoamini kuwa imelisikia neno hilo: sauti inayofuata hurekodiwa na, kwa huduma nyingi, hutumwa katika seva za kampuni zilizo mbali. Hatua ya tatu ni ya kuubadili usemi kuwa maandishi na kutafuta jibu. Hatua ya nne ni ya utunzaji: kumbukumbu ya swali huweza kubaki katika historia ya akaunti, na sehemu ya rekodi huweza kutumiwa kuifunza mashine.

Udhaifu wa kwanza umo katika neno kuamini. Programu haina hakika, hukadiria. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr cha Bochum, Ujerumani, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Max Planck, walibaini zaidi ya vifungu 1,000 vya usemi vilivyowaamsha wasaidizi wa sauti kimakosa. Neno la Kiingereza lenye maana ya uchaguzi, kwa mfano, liliweza kumwamsha Alexa. Vifaa vilivyopimwa vilikuwa vya Kiingereza, Kijerumani na Kichina. Kinachojitokeza ni kwamba makosa ya kuamka hutegemea mfanano wa sauti kati ya neno la kuamsha na mazungumzo ya kawaida ya lugha husika. Kifaa kilichorekebishwa kwa kupimwa katika lugha hizo tatu hakijarekebishwa kwa ajili ya nyumba ambamo Kinyambo, Kiswahili, Kihaya, Kinyarwanda na Kinyankole huweza kusikika katika jioni moja.

Udhaifu wa pili ni wa kibinadamu. Mwaka 2019 ilifichuliwa kwamba rekodi za watumiaji zilikuwa zikisikilizwa na wafanyakazi. Aprili mwaka huo shirika la habari la Bloomberg liliripoti hivyo kuhusu Amazon. Julai, kituo cha utangazaji cha VRT cha Ubelgiji kiliripoti kuhusu Google, na gazeti la The Guardian la Uingereza likaripoti kuhusu Apple. Katika rekodi zaidi ya 1,000 ambazo VRT ilizisikiliza, 153 zilitokana na kuamka kimakosa, zikiwamo za mazungumzo ya chumbani na ya wazazi na watoto wao. Baadaye Apple ilikubali kulipa dola milioni 95 ili kumaliza shauri lililohusu Siri, bila kukiri kosa. Makubaliano hayo yaliwasilishwa mahakamani mwishoni mwa Desemba 2024.

Udhaifu wa tatu ni wa utunzaji. Mei 2023 Amazon ilikubali kulipa faini ya dola milioni 25 baada ya mamlaka za Marekani kuituhumu kwamba ilihifadhi rekodi za sauti za watoto kwa muda usio na kikomo na kutotekeleza ipasavyo maombi ya wazazi ya kuzifuta. Aidha, kuanzia tarehe 28 Machi 2025 kampuni hiyo iliondoa chaguo lililowawezesha wamiliki wa baadhi ya vifaa vya Echo kuzuia rekodi zao zisipelekwe katika seva zake. Tukio hili lina funzo la kinadharia: kanuni ya usambazaji ambayo mtumiaji aliikubali siku ya kununua kifaa inaweza kubadilishwa na kampuni wakati kifaa tayari kimo nyumbani.

4.0 Kaya ya Nkwenda kama Muktadha

4.1 Simu moja, akaunti moja, watumiaji wengi

Katika kaya nyingi za vijijini nchini Tanzania, simujanja ni mali ya mtu mmoja na chombo cha wote. Mama huitumia kupokea fedha, mtoto huitumia kutafuta kazi ya shule, na jirani huiazima akaunganishe mazungumzo na ndugu yake aliye Bukoba au Mbarara. Matumizi haya ya pamoja ni sehemu ya ujirani mwema. Hata hivyo, msaidizi wa sauti hajui ujirani. Kila swali linaloulizwa huandikwa katika historia ya akaunti moja, chini ya jina moja.

Kutokana na hali hiyo, msikilizaji wa kwanza wa kuhofiwa yupo karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Mathalani, binti anapouliza kwa sauti kuhusu dalili za mimba, au mke anapouliza mahali pa kuripoti kipigo, swali hilo huweza kusomwa baadaye na mwenye akaunti. Aliyeuliza alidhani anazungumza na mashine. Kumbe alikuwa akiandika katika daftari la mwenye simu. Kwa vipengele vya Nissenbaum, mhusika na mtoaji ni wale wale, lakini mpokeaji amebadilika bila mtoaji kujua.

Tatizo hili huongezeka pale akaunti yenyewe isipokuwa ya mwanakaya. Ni jambo la kawaida kwa mnunuzi wa simu, hasa mtu mzima asiye na anwani ya barua pepe, kufunguliwa akaunti na kijana wa dukani au fundi wa simu. Mnunuzi huondoka na simu, lakini nywila hubaki kichwani mwa aliyeifungua. Katika mazingira hayo, historia ya sauti ya nyumba nzima huweza kufunguliwa kutoka katika simu nyingine iliyo sokoni.

Upande wa pili wa tatizo ni wa kuhusishwa. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, uliokamilishwa kwa kuzifungia laini zisizosajiliwa kuanzia Januari 2020, umeifunga kila namba na Kitambulisho cha Taifa cha mtu mmoja. Usajili huo una malengo yake halali, hususani kupunguza utapeli. Hata hivyo, akaunti ya msaidizi wa sauti ikishaunganishwa na namba, maneno yaliyosemwa na mgeni au mtoto huonekana kana kwamba yametamkwa na aliyesajili laini. Sauti za wengi hupata mwenyewe mmoja.

4.2 Mazungumzo yenye uzito

Uzito wa hatari hutegemea kile kinachozungumzwa. Katika kaya za Nkwenda, maeneo matatu yanastahili kutajwa.

Eneo la kwanza ni afya. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa nchini Tanzania walitoka mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka hiyo ya mwanzo, ugonjwa huo uliitwa Juliana, jina la aina ya nguo iliyokuwa ikiuzwa katika biashara ya mpakani. Historia hiyo ilijenga utamaduni wa kuutaja ugonjwa kwa mafumbo na kulindana katika mazungumzo. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 (Na. 28) nayo inalinda usiri wa hali ya mtu kiafya. Kaya inayokumbushana saa ya dawa kila jioni inatoa taarifa nyeti kila jioni, na mtu anayemwomba msaidizi wa sauti amkumbushe saa hiyo anaiandika taarifa hiyo katika akaunti.

Eneo la pili ni kahawa. Mkulima mwenye shida ya ada au matibabu huweza kuuza mavuno yake yakiwa bado shambani, wakati mwingine mibuni ikiwa katika maua, kwa utaratibu unaojulikana mkoani Kagera kama butura. Serikali imeupiga marufuku utaratibu huu, kama ilivyopiga marufuku uvushaji wa kahawa kwa magendo kwenda Uganda. Mazungumzo ya butura hufanyika nyumbani, kwa sauti ya chini, kati ya watu wanaoaminiana. Rekodi yake inaweza kumfichua mkulima kwa mamlaka, na inaweza vilevile kumwonesha mlanguzi ni kaya ipi iliyobanwa zaidi na uhitaji. Kwamba rekodi za nyumbani zinaweza kuombwa na vyombo vya dola si jambo la kubuni. Katika upelelezi wa kifo kilichotokea Bentonville, Arkansas, mwaka 2015, waendesha mashtaka waliomba rekodi za kifaa cha Echo, na Amazon ilizikabidhi mwaka 2017 baada ya mshtakiwa kuridhia. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweka utaratibu wa polisi kudai data kwa ajili ya upelelezi.

Eneo la tatu ni fedha. Namba ya siri ya pesa mtandao mara nyingi hutajwa kwa sauti pale mzee anapomwomba mjukuu amtolee fedha. Pamoja na hayo, sauti yenyewe imekuwa ufunguo. Nchini Kenya, Safaricom ilianzisha huduma ya Jitambulishe inayomtambua mteja kwa sauti yake. Wakati huohuo, mwaka 2023 watafiti wa Microsoft walionesha mfumo uitwao VALL-E unaoweza kuiga sauti ya mtu kwa kutumia sampuli ya sekunde tatu. Watanzania wamekwisha kuuzoea utapeli wa ujumbe mfupi unaoagiza ile hela itumwe katika namba nyingine. Utapeli huo ukipata sauti ya mtoto wa mwenye nyumba, kinga ya kumtambua tapeli kwa kumsikia itakuwa imeondoka. Nywila iliyoibwa hubadilishwa; sauti iliyoibwa haibadilishwi.

4.3 Kinyambo kama kinga ya muda

Inaweza kudaiwa kwamba wakazi wa Nkwenda wana kinga ya asili, kwa kuwa mazungumzo ya ndani hufanyika kwa Kinyambo, lugha ambayo wasaidizi wa sauti wanaotumika sana hawakutengenezewa. Kinyambo kimechunguzwa kisayansi. Kazi za Josephat Rugemalira, ikiwamo tasnifu yake ya mwaka 1993 kuhusu vitenzi na msamiati uliochapishwa mwaka 2002, zimekieleza kwa kina. Kuelezwa katika vitabu, hata hivyo, hakuifanyi lugha ieleweke na mashine. Mashine huhitaji maelfu ya saa za usemi uliorekodiwa.

Dai hilo lina ukweli, lakini ni ukweli wa leo. Sababu ya kwanza ni kwamba kunaswa kwa sauti hakutegemei kueleweka. Kifaa kilichoamka kimakosa hurekodi Kinyambo sawasawa na kinavyorekodi Kiingereza, na rekodi isiyoeleweka leo ikitunzwa inaweza kueleweka baada ya miaka mitano. Sababu ya pili ni ujirani wa lugha. Kinyambo kinakaribiana sana na Kinyankole na Kihaya, na kina uhusiano na Kinyarwanda na Kiganda. Katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, Kinyarwanda kimekusanyiwa zaidi ya saa 2,000 za sauti, na Kiganda na Kiswahili nazo zimo. Kwa Kiswahili, uwekezaji wa dola milioni 3.4 ulitangazwa Mei 2021. Mashine iliyofunzwa lugha moja huweza kusaidiwa kujifunza lugha jirani kwa data kidogo zaidi. Sababu ya tatu ni kwamba mazungumzo ya Kinyambo hubeba maneno ya Kiswahili pale hasa yanapogusia mambo nyeti ya kisasa: majina ya dawa, kiasi cha fedha, mkopo, kesi, kituo cha polisi. Anayetafuta maneno hayo hahitaji kuelewa sentensi nzima.

Ipo pia hasara ya upande wa pili. Utafiti wa Allison Koenecke na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, ulionesha kuwa mifumo mitano ya makampuni makubwa ilikosea wastani wa asilimia 35 ya maneno ya Wamarekani weusi, ikilinganishwa na asilimia 19 kwa Wamarekani weupe. Mzungumzaji ambaye lafudhi yake haikuzingatiwa hulazimika kurudia, kupaza sauti na kufafanua. Hivyo basi, asiyeeleweka vizuri hutoa sauti nyingi zaidi na kupata huduma pungufu.

Mradi wa Common Voice unatoa ulinganisho unaofaa. Mchangiaji wa mradi huo hujitolea, husoma sentensi aliyoandaliwa, na huelezwa kuwa sauti yake itatolewa kwa leseni ya wazi ambayo kila mtu anaweza kuitumia. Maudhui anayoyasoma si maisha yake. Rekodi iliyonaswa sebuleni ni kinyume chake katika kila kipengele: haikutolewa kwa hiari, maudhui yake ni maisha yenyewe, na mpokeaji hajulikani.

5.0 Sheria na Pengo la Ridhaa ya Kaya

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Utekelezaji wa ibara hiyo uliimarishwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo iliunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Inaainisha taarifa nyeti, zikiwamo za watoto, za miamala ya fedha, za kibayometria na za afya, na inataka ridhaa ya maandishi kabla ya kuzichakata. Aidha, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi.

Kwa mtazamo wa makala hii, sharti la ridhaa ya maandishi ni la msingi mno. Kitufe kinachobonyezwa wakati wa kuwasha simu mpya, katika ukurasa mrefu wenye lugha ya kisheria, ni vigumu kuhesabiwa kuwa ridhaa ya maandishi ya mwenye simu. Ni vigumu zaidi kuhesabiwa kuwa ridhaa ya bibi aliyeketi pembeni mwa simu hiyo, ya mtoto anayecheza, au ya mgeni aliyekuja kutoa pole. Ridhaa ni ya mhusika wa taarifa, na kila mmoja wao ni mhusika.

Pengo hujitokeza kwa sababu sheria za aina hii zilibuniwa kwa kufikiria pande mbili: taasisi inayokusanya na mtu anayekusanyiwa. Mwenye simu hamo kikamilifu katika upande wowote. Amefungua mlango, lakini hakusanyi kwa faida yake. Amekusanyiwa, lakini pia amewakusanyisha wengine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaziacha nje shughuli za binafsi na za nyumbani, kama inavyofanya Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya Ulinzi wa Data. Mantiki ya msamaha huo ni njema, kwani si busara kuifanya kila familia iwe taasisi. Hata hivyo, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Ryneš la tarehe 11 Desemba 2014, iliamua kwamba kamera ya nyumbani inayomulika njia ya umma haiwezi kujificha nyuma ya msamaha huo. Kwa kutumia mantiki hiyohiyo, inaweza kuhojiwa kwamba sauti ikishavuka kizingiti na kufika katika seva ya kampuni, shughuli hiyo imekoma kuwa ya nyumbani, na wajibu unapaswa kumwangukia aliyeipokea wala si mwenye nyumba.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iandae mwongozo mahususi kuhusu vifaa vya sauti katika kaya, utakaotamka bayana kuwa ridhaa ya mwenye akaunti haiwafungi watu wengine waliosikika, na kwamba kampuni inayopokea sauti ndiyo yenye wajibu wa kuifuta pale inapobainika kunaswa kimakosa.

Pili, simu zinazouzwa nchini ziwe na kipengele cha kuamsha kwa sauti kikiwa kimezimwa tangu awali, na anayetaka kukiwasha aelezwe kwa Kiswahili na kwa kutamkiwa. Haileti mantiki kumwomba ridhaa ya maandishi madogo mtu aliyechagua kutumia sauti kwa sababu hasomi maandishi hayo.

Tatu, ukusanyaji wowote wa sauti za Kinyambo kwa ajili ya kufunza mashine ufanywe kwa ushirikishwaji wa wazungumzaji, wakijua leseni itakayotumika na maana ya kutoweza kuirejesha data iliyokwisha kutolewa kwa umma. Lugha kuachwa nje ya teknolojia ni hasara. Kuingizwa kwa mlango wa nyuma ni hasara nyingine.

Nne, elimu kwa umma ilenge vitendo vidogo vinavyowezekana: mnunuzi wa simu abadilishe nywila aliyowekewa dukani, maikrofoni izimwe kwa programu zisizoihitaji, historia ya akaunti ifunguliwe na kufutwa mara kwa mara, na simu iachwe chumba kingine pale wanakaya wanapokaa kuzungumza jambo zito. Vituo vya afya na vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa vinaweza kuifikisha elimu hii kwa urahisi, kwa kuwa tayari vinakutana na wananchi katika masuala yaliyo nyeti zaidi.

7.0 Hitimisho

Makala hii imefafanua kuwa hatari ya wasaidizi wa sauti katika kaya za Nkwenda haitokani na wingi wa vifaa bali na namna vifaa hivyo vinavyotumiwa kwa pamoja. Teknolojia iliyobuniwa kwa mmiliki mmoja imeingia katika nyumba ambamo simu, jioni na mazungumzo ni vya wote. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja hukubali kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa, na maneno ya watu hao huandikwa kwa jina lake. Nadharia ya Uadilifu wa Muktadha imesaidia kuonesha kwamba kinachovunjwa ni kanuni za mazungumzo ambazo kaya imezijenga kwa muda mrefu, hata pale ambapo hakuna siri iliyotangazwa. Sheria ya mwaka 2022 imekwisha kumtambua kila mtu kuwa mwenye taarifa zake. Kazi iliyobaki ni kuufanya utambuzi huo umfikie bibi aliyeketi karibu na simu isiyo yake, ambaye sauti yake imesafiri mbali kuliko yeye mwenyewe alivyowahi kusafiri.